Barua ya Kuvuka Minyaa

Mayala alikuja na barua yake mkononi, ingawa alikuwa anakwenda kwa dada yake wa tumbo moja. Aliinyoosha juu ya ua wa minyaa, mlinzi wa kijiji cha Mwaloni akaisoma taratibu, akaukagua mhuri, akamrudishia. "Pita, mwenyekiti," alisema. Kutoka pale ua ulipo mpaka mlangoni kwa dada huyo hazifiki hatua mia.

Wilhelmina alikuwa anageuza dagaa juani. Hakuinuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Barua yako inaisha saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi kaa, usiimalize umesimama."

Mayala akavuta kigoda, akakaa. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha Nyabusungu Juu, mtu mnene wa sauti ndogo, na mbele ya dada yake sauti hiyo ilizidi kupungua. Alisema Jumatano wageni wanakuja. Wajumbe kutoka nchi jirani, ile inayouana kila siku, walikuwa wanakutana mjini Mwanza, hotelini, wakitafuta namna ya kusimamisha vita. Baadhi yao wanataka kila jimbo la nchi yao lipewe serikali yake, wengine hawataki kusikia. Mtu mmoja wilayani amewaambia kwamba hapa Magu, kando ya ziwa, kipo kijiji kilichopigana, kikagawanywa serikali mbili, kikatulia. Wamesema wanataka kukiona.

"Na wewe ndiye utakayezungumza," alisema Mayala. "Makubaliano yalipita kinywani mwako."

"Niseme nini?"

"Sema kweli. Watu hawafi. Sema hivyo." Alitazama miguu yake. "Yale ya kisima usiyalete, dada. Nakuomba. Mambo haya yameshikana kwa uzi mwembamba."

Wilhelmina akageuza dagaa. Kwa mwaka mzima alikuwa ameomba jambo moja kwenye serikali zote mbili, sentensi moja tu iongezwe katika makubaliano, na zote mbili zilikuwa zimemkatalia.

Huyu Wilhelmina alikuwa na majina mawili, kila upande wa ua na lake. Huko juu, kwenye mashamba ya pamba na mazizi ya ng'ombe, alikuwa Ng'wana Masele, binti wa mzee Masele. Huku chini mwaloni, penye mitumbwi na vichanja vya samaki, alikuwa Mama Rebeka, mke wa Ogweno. Ogweno alikuja kutoka pwani ya Mara akiwa kijana, amefuata samaki kama wenzake wengi, akamwona binti wa Kisukuma akiteka maji, akalipa ng'ombe ambao hakuwa nao. Aliwakopa kwa wajomba watatu. Wilhelmina akahamia mwaloni, akajifunza Kijaluo kwa mama mkwe asiyejua neno la Kiswahili isipokuwa "leta". Mwaka wa pili alikuwa anatukana kwa Kijaluo, na hapo wakwe wakakubali kwamba amefika.

Lakini kitu alichojulikana nacho zaidi kilikuwa sauti. Wasukuma wana ukelele wao wa hatari unaoitwa mwano. Huanzia chini kifuani, ukapanda, ukakatika, ukapanda tena, na anayeusikia huacha alichoshika, akachukua jembe au fimbo, akaukimbilia. Haulizi kuna nini. Akishafika ndipo atajua kama ni wezi wa ng'ombe, moto, au mtoto aliyezama. Asiyekwenda hutozwa faini, na akirudia hutengwa: hakuna atakayempa moto wala kumsalimu njiani. Na anayeupiga bure hutozwa faini kubwa zaidi. Wilhelmina alipokuwa na miaka tisa aliupiga mwano fisi walipoingia zizini kwa baba yake, na watu wakaja kutoka vijiji vitatu. Mzee Masele alisimulia kisa hicho mpaka siku ya kufa kwake, na kila mwaka aliongeza kijiji kimoja.

Zamani hizo Nyabusungu ilikuwa moja. Kisha vikaja viwanda vya sangara mjini Mwanza, na magari ya barafu yakaanza kushuka mpaka mwaloni. Pwani ambayo hakuna aliyeigombania ikawa na thamani kuliko mashamba yote ya pamba. Ushuru wa samaki ulitozwa chini, ukatumika juu. Shule ilijengwa juu, zahanati juu, na kisima juu. Wavuvi walinung'unika kwamba wanatawaliwa na watu wasiojua hata kushika kasia. Watu wa juu nao walisema wageni wamejaa ufukweni, wanatandaza nyavu kwenye njia ya ng'ombe, na mifugo inakosa pa kunywea. Wote walikuwa na haki kidogo, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Mwaka wa tisini na tatu, ng'ombe walikanyaga nyavu mpya, na mvuvi mmoja akamkata fahali mguu. Alasiri hiyo mwano ulipigwa juu. Sungusungu, yaani wanaume wote wenye nguvu chini ya kamanda wao, waliitikia kama ilivyo desturi, na walipofika chini hawakukuta mwizi wala moto. Walikuta wavuvi. Mitumbwi kumi na mmoja ilichomwa. Watu wawili wakafa, mmoja wa kila upande. Ogweno, aliyejaribu kuusukuma mtumbwi wake majini, alikatwa panga kwenye mkono wa kulia, karibu na kiwiko. Mkono ulipona, vidole havikupona. Hakuvuta tena wavu.

Mwaka uliofuata wilaya ikaleta wazo la kugawa. Kila upande uwe kijiji chenye mwenyekiti wake, halmashauri yake, mhuri wake, na ushuru wake. Walikaa siku sita chini ya paa la shule. Wazee wa mwaloni waliposema kwa Kijaluo na wazee wa juu walipojibu kwa Kisukuma, hakuwepo mtu mwingine wa kusimama katikati. Wilhelmina akasimama. Aliyatafsiri matusi pia, kwa sababu, alisema, mkiyaficha leo mtayakuta kesho.

Siku ya sita, Jairo, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa Mwaloni, mvuvi mrefu mwenye mzaha, hakufanya mzaha. Alisema, "Tutasaini tukipewa neno moja. Sungusungu wao wasikanyage kwetu. Hata siku moja. Hata mwano ukipigwa."

Wazee wa juu walinong'ona. Mwisho wakakubaliana hivi: sungusungu wa kijiji kimoja hawatakanyaga kijiji cha pili kwa sababu yoyote ile, isipokuwa kwa barua ya mwenyekiti wao yenye mhuri na tarehe. Wilhelmina aliligeuza neno hilo kwa lugha tatu, akalirudia polepole ili kila mtu alisikie. Alikuwa akiutazama mkono wa mumewe uliolala juu ya goti. Alilipenda neno lile. Yeye ndiye aliyeongeza "kwa sababu yoyote ile," maana aliona Kiswahili chake bila maneno hayo kimekaa legelege.

Wakapanda minyaa mpakani, wote kwa pamoja, wakapika ubwabwa. Tena amani ikaja. Ng'ombe walipewa njia yao ya kwenda majini na saa zao. Mwaloni wakajenga soko la samaki lenye sakafu ya saruji. Watoto walisoma shule moja. Mtu akitaka kumtembelea shemeji yake alikwenda tu, peke yake, mikono mitupu. Wenye vyeo na sungusungu ndio waliohitaji barua. Misimu miwili ikapita bila mtu kuzikwa kwa panga.

Kilichobaki ni maji. Kisima kilikuwa juu, na Mwaloni wakaona haya, serikali nzima kuomba maji kwa jirani. Ogweno akajitolea kuchimba. Mkono mmoja haukutosha kuvuta wavu, lakini alisema unatosha kushika sururu fupi akiukandamiza mpini kwa kwapa. Alichimba miezi miwili, karibu na ua, pale wazee walipoona dalili ya maji. Wilhelmina na mama mkwe walivuta ndoo.

"Ukifika majini uniite," Wilhelmina alikuwa akimtania kutoka juu. "Usije ukayanywa yote."

"Nitayanywa na serikali yangu," alijibu Ogweno kutoka shimoni. "Wewe una serikali mbili, huna shida."

Ilikuwa tarehe kumi na nne Septemba, mwaka wa tisini na tano, saa nane mchana. Upepo ulikuwa umevuma siku tatu, siku hiyo ukatulia, na kila mtumbwi ulikuwa ziwani. Jairo naye alikuwa huko. Shimo lilikuwa limefika kimo cha watu watatu, na huko chini mchanga ulikuwa umeanza kulowa. Ogweno akasema, "Nasikia baridi miguuni." Kisha ukingo wa upande wa ziwa ukateremka. Haukupiga kelele kubwa. Ulifanya kama gunia la mtama linalofunguliwa.

Wilhelmina akapiga mwano.

Watu wa juu walikuwa shambani, wanang'oa mabua ya pamba, ng'ambo ya ua. Walikuja wote. Walifika kabla mwano haujakatika mara ya pili, wanaume zaidi ya thelathini wenye majembe, na kijana mmoja aitwaye Mihayo akiwa mbele. Wakafika kwenye minyaa, wakasimama.

Minyaa ilikuwa imefika kiunoni tu. Mtoto angeiruka.

"Vukeni!" alipiga kelele Wilhelmina. "Mihayo! Vukeni, yuko ndani!"

"Barua!" mzee mmoja alisema nyuma yao. "Tukivuka thelathini na majembe, mwenyekiti wao hayupo, jioni wavuvi watarudi na kusema tumevamia. Mmesahau? Mnataka tuanze upya?"

Mihayo aliinua mguu. Watu wawili wakamshika. Ndipo akaruka juu ya baiskeli kwenda kumtafuta Mayala, aliyekuwa mnadani Kisesa, mhuri ukiwa mfukoni mwake kama siku zote.

Wanawake wa juu walivuka. Makubaliano hayakuwataja. Walikuja wanane, wakachimba kwa majembe, kwa sufuria na kwa mikono, lakini mchanga mkavu ulirudi ndani kila walipoutoa, na wanane si thelathini. Wanaume walibaki wamesimama kwenye ua wakielekeza, "Tupeni kulia! Wekeni mbao!" Wengine waliivunja minyaa kwa mikono bila kujijua, na utomvu wake ukawaingia machoni. Jioni macho yao yote yalikuwa mekundu, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe.

Mihayo alirudi jua likizama, na barua. Ilikuwa imeandikwa vizuri. "Naruhusu sungusungu arobaini wavuke kwa ajili ya kutoa msaada." Mhuri, saini, tarehe. Wakavuka. Katika robo saa walimtoa Ogweno, naye alikuwa amekufa muda mrefu.

Wilhelmina aliichukua barua ile mkononi mwa Mihayo, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake.

"Ningekuwepo ningevuka," Mayala alimwambia siku ya matanga.

"Ungekuwepo ungeandika barua," alijibu.

Baada ya arobaini alianza kuomba. Sentensi moja: kwamba mwano ukipigwa, watu wavuke bila barua. Jairo alilia alipomsikiliza, kwa sababu Ogweno alikuwa rafiki yake, akakataa. "Mama Rebeka, mwaka ule walituanzia kwa mwano. Ndio mlango walioingilia. Nikiufungua, nani atalala hapa?" Halmashauri ya juu nayo ilikataa, ikiogopa kwamba siku moja mwano utapigwa mwaloni, wao wavuke, na waambiwe wamekuja kuua. Wilhelmina hakuweza kuwaita waongo. Yeye ndiye aliyetafsiri hofu hiyo, siku sita, kwa lugha tatu.

Jumatano wageni walikuja. Yalikuja magari matatu yenye vumbi, wakashuka watu tisa waliovaa suti, nao walikaa makundi mawili yasiyotazamana. Walikalishwa mwaloni, kando ya soko, pale ambapo ua unaonekana. Mayala alikuwepo, na barua yake. Jairo alikuwepo. Wageni walijua Kiswahili, kile cha kwao chenye lafudhi nyingine, kwa hiyo Wilhelmina hakuwa na kazi ya kutafsiri. Alikaa tu kwenye benchi, na kitenge cheusi.

Mzee mmoja wa wageni, mwenye bakora na miwani iliyofungwa kwa uzi, alisema, "Kwetu tunabishana kama tugawe madaraka, kila jimbo lijitawale. Kuna wanaosema ndiyo dawa. Nyinyi mmeshainywa. Ladha yake ikoje?"

"Chungu, mheshimiwa," alisema Jairo, "lakini homa imeshuka." Watu wakacheka. Akawaonyesha soko, akawaonyesha njia ya ng'ombe. Mayala akasema idadi ya waliokufa kwa kupigana tangu mgawanyo. Hakuna. Akasema tena, hakuna. Wageni waliandika.

"Mama ndiye aliyesimama kati yenu?" aliuliza mzee wa bakora. "Atuambie."

Mayala alimtazama dada yake. Wilhelmina aliinuka, akakung'uta kitenge.

"Wamesema kweli," alisema. "Hakuna aliyekufa kwa panga. Mimi sina cha kupunguza." Kisha akawageuzia mgongo, akatazama mlimani, akapiga mwano.

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na hakuwa ameipaza sauti yake tangu Septemba ile. Ilitoka nzima. Ilipanda, ikakatika, ikapanda. Mgeni mmoja kijana alijificha chini ya meza, maana kwao ukelele una maana yake. Na huko juu mashambani wanaume wakaacha walichoshika. Walishuka mbio wakiwa na majembe na fimbo, vumbi nyuma yao, Mihayo mbele, wakafika kwenye minyaa iliyokuwa sasa imefika kifuani, wakasimama. Mstari mrefu wa watu wanaohema.

Wageni walingoja. Watu waliosimama kwenye ua nao walingoja.

"Mbona hawaji?" aliuliza mzee wa bakora.

"Wanasubiri barua," alisema Wilhelmina.

Hakuna aliyeandika. Mayala alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mzee wa bakora alivua miwani, akautazama ule mstari kwa muda mrefu, kisha akamwuliza taratibu, "Mama, kwa hiyo mngerudi kijiji kimoja?"

"Hapana," alisema. "Mume wangu alikatwa mkono tukiwa kijiji kimoja." Akakaa.

Wageni walipoondoka, serikali mbili zikakutana kwa ajili yake. Mwano wa bure ni kosa kubwa pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza tangu mgawanyo hawakubishana hata neno moja: mbuzi wawili, mmoja kila upande. Wilhelmina aliwatoa palepale, akasema wachinjwe. Lakini nyama ilipokuwa motoni Mihayo akasimama. Alisema yeye alipanda baiskeli mpaka Kisesa na kurudi, na kila siku miguu yake bado inaiendesha baiskeli ile. Kama sheria haiondoki, alisema, basi barua ikae karibu. Ziandikwe barua mbili, kila mwenyekiti yake, zenye saini na mhuri, nafasi ya tarehe iachwe wazi, ziwekwe kwenye mkebe, mkebe utundikwe kwenye minyaa. Mwano ukilia, anayefika kwanza ajaze tarehe, watu wavuke.

Walibishana mpaka nyama ikaungua. Jairo alitaka mkebe uwe na kufuli. Mwisho walikubali mkebe bila kufuli, wenye mlinzi. Mlinzi awe mwanamke, maana wanawake hawakutajwa. Wakamtazama Wilhelmina.

Basi kila Jumapili baada ya ibada Wilhelmina huenda kwenye ua, akafungua mkebe wa mafuta ya kupikia, akazitoa barua mbili, akazitazama kama mchwa wameingia. Mayala naye hushuka siku hiyohiyo, akasimama upande wake.

"Shikamoo, dada. Ziko salama?"

"Marahaba. Ziko salama."

Jumapili moja, msimu wa mvua za vuli, alizirudisha barua mkebeni, akasema bila kumtazama, "Nimepika sato na ugali wa mtama. Mwingi. Njoo ule."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwalika tangu Septemba ile ya kisima. Mayala alikuwa amekaribia kuinua mguu. Kisha akapapasa mfuko wa shati, na mfuko wa suruali.

"Leo sijajiandikia," alisema.

Wote wawili wakautazama mkebe uliokuwa unaning'inia katikati yao.

"Hizo ni za mwano," alisema Mayala.

"Ni za mwano," alisema Wilhelmina.

Mayala alingoja kidogo, akaaga, akapanda mlima. Wilhelmina akafunga kifuniko, akakibana kwa kiganja ili mvua isiingie, akashuka nyumbani. Sahani zilikuwa mbili mezani. Akarudisha moja kabatini.